Jicho la Nondo

Kilainishi aliingia kwenye maonyesho ya sayansi kwa sababu nje jua lilikuwa kali, na ndani kulikuwa na feni na maji ya bure. Sababu nyingine hakuwa nayo. Jina hilo alilipata gereji, alikofanya kazi kwa muda mfupi sana, kutoka kwa fundi mkuu aliyegundua kwamba popote vitu viwili viliposuguana, kijana yule alipenya katikati, na akishapenya tu, kuna kitu kiliteleza na kupotea. Tangu hapo hakuajiriwa tena na mtu yeyote, na kwa upande wake hakuona hasara.

Alikuwa anamalizia glasi yake ya maji alipojikuta mbele ya meza ya mtafiti mmoja, mwanamke kijana mwenye koti jeupe na uvumilivu wa mtu aliyeshinda akiulizwa na watoto wa shule kama bidhaa yake inaliwa. Mezani palikuwa na vipande viwili vya sola. Kimoja kilimeta buluu, kama paneli zote. Kingine kilikuwa cheusi, weusi wa kuzamisha macho.

"Hiki kimeungua?" Kilainishi aliuliza.

"Hapana, kaka. Hiki ndicho kizuri." Mtafiti alikisogeza karibu. "Uso wa sola ukiwa laini, mwanga mwingine unagonga na kurudi ulikotoka. Ndiyo maana ukipita barabarani unaona paneli zinameremeta. Ule mmeremeto ni hasara, ni umeme uliokataa kuingia. Sisi tunauchonga uso uwe na vinundu vidogo. Chukua unywele wako mmoja, uupasue mara mamia, ndipo utapata unene wa kinundu kimoja. Mwanga ukifika hapo hauoni ukuta wa kuugonga. Unaingia katikati ya vinundu, unahangaika humo, mwisho unamezwa."

"Hautoki tena?"

"Hautoki. Na wala hatukubuni sisi. Tumemwiga nondo, huyu mdudu anayerukia taa. Jicho lake lina vinundu hivyohivyo, kwa hiyo halimeti gizani, na ndege hawamwoni."

Kilainishi aliinama, akakitazama kile kipande kwa heshima ya kweli.

"Na mtu wa kawaida, kwa macho yake haya mawili, anaweza kuviona hivyo vinundu?"

"Hawezi. Hata kwa hadubini ya shuleni hawezi."

Hapo moyo wa Kilainishi ulifunguka. Maisha yake yote alikuwa akiuza vitu visivyoonekana, na kila mara ilimbidi atoe maelezo. Leo amekutana na kitu kisichoonekana chenye maelezo yake tayari, na maelezo yenyewe ni ya kweli. Aliuliza maswali mengine mengi, mazuri, hata mtafiti akamshauri arudi shule. Akaahidi kulifikiria.

Alichofikiria hasa ni paa la Mama Ghorofa.

Mama Ghorofa alikuwa mjane mwenye jengo la ghorofa tatu karibu na stendi, na juu ya jengo hilo paneli zilijipanga kutoka ukingo mpaka ukingo, zikimeremeta hivi kwamba waendesha pikipiki walikunja nyuso wakipita. Kila mpangaji wake alilipa kodi, na juu ya kodi akalipa kitu kilichoitwa pesa ya jua. Mtaa mzima ulijua kwamba mama huyo angeweza kuwatoza hata mvua kama angepata pa kuifungia mita. Kilainishi alimpenda kwa hilo. Mtu mwenye tamaa ni rahisi kushirikiana naye.

Mpango ulihitaji gari, na gari alikuwa nalo shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mnene mpole mwenye pikapu kuukuu ya kubebea mchanga na makochi ya watu wanaohama. Shemeji hakuogopa polisi wala jehanamu. Alimwogopa mke wake.

"Tunaiba, shemeji?" aliuliza, baada ya kuelezwa yote.

"Hatuibi. Tunamwambia paneli zake zinakwenda maabara kuchongwa. Anatupa mwenyewe. Mtu akikupa kitu kwa mikono yake na akakushikia mlango, hapo wizi uko wapi?"

"Halafu tunazirudisha?"

"Halafu tunaziuza, shemeji. Usiharakishe mambo."

Ilihitajika pia sampuli ya kumwonyesha mama huyo, na hapo ndipo ilipouma. Paneli nzuri pekee katika ukoo wao ilikuwa juu ya saluni ya dada, pamoja na betri lake kubwa na inveta, kwa sababu umeme wa mtaa ule ulikuja unapotaka na kuondoka unapochoka. Kilainishi alimweleza dada yake kwamba vifaa hivyo vinahitaji sevisi, tena haraka, na kwamba yeye amepata fundi wa bure.

Dada alikuwa anasuka mtu. Hakugeuka.

"Kesho asubuhi viwe hapa. Nina bibi harusi."

"Vitakuwa hapa kabla hujafungua."

"Na wewe nakujua," alisema dada, akaendelea kusuka.

Walinunua stika nyeusi ya vioo vya gari, ile isiyong'aa, wakaibandika vizuri juu ya paneli ya saluni. Betri lililokuwa limeshiba umeme tangu juzi wakalificha pamoja na inveta ndani ya sanduku la mbao, wakaandika juu yake "Kipimio". Kilainishi alivaa miwani isiyo na nguvu yoyote na shati la mikono mirefu. Saa nne walikuwa sebuleni kwa Mama Ghorofa.

Mama alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mtandio wa kijani na macho ya mtu anayekagua nyanya sokoni. Alimsikiliza Kilainishi akieleza habari za mwanga unaogonga na kurudi, vinundu, na hasara inayomeremeta juu ya paa lake bure.

"Kwa hiyo," alisema, "ule mng'aro wote ni pesa yangu inarudi kwa jua?"

"Hujakosea hata nukta, mama."

"Na hiyo dawa yenu inaitwaje?"

"Si dawa, mama, ni ngozi. Tunaiita Jicho la Nondo."

Mama Ghorofa alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi nimejenga. Ghorofa tatu hizi, nondo zake nimezihesabu mwenyewe, moja moja, mafundi wasiniibie. Sijaona nondo yenye jicho."

"Nondo mdudu, mama. Yule wa kwenye taa."

"Aa, huyo." Alifikiri kidogo. "Huyo si ndiye anayejichoma mwenyewe?"

"Ndiye huyo," alisema Kilainishi, na hakutilia maanani.

Walipanda juu. Mpango ulikuwa kupima kwanza paneli ya mama, na Shemeji angelegeza waya mmoja kwa siri ili feni ndogo waliyokuja nayo izunguke kwa uvivu. Kilainishi alikohoa, ndiyo ishara. Shemeji aliinama karibu na waya. Feni ikaunganishwa. Haikuzunguka kwa uvivu. Haikuzunguka kabisa.

Kilainishi alimpongeza shemeji yake kimoyomoyo. Mtu mzito vile, lakini mkono wake mwepesi.

"Unaona, mama. Jua lote hili, na linarudi."

"Nilijua zimechoka," Mama Ghorofa alisema, akitazama upande wa stendi.

Ikaja zamu ya paneli ya saluni. Feni ilivuma mpaka mtandio wa mama ukainuka. Hakutosheka, alishuka akarudi na pasi yake nzito na blauzi mbili. Pasi ikapata moto. Akazipiga pasi zote mbili palepale juu ya paa, kwenye ukuta mfupi wa ukingoni, taratibu, kola na mikono, huku Kilainishi akijikuta anaombea betri la dada yake.

"Kazi nzuri," alisema mama, akikunja blauzi. "Mnachukua lini?"

"Hata leo, mama. Siku tatu zinakuwa tayari. Malipo ukiridhika."

"Zote?"

"Ukitaka zote."

"Nataka zote. Na hivi vyuma vilivyozishikilia pia mchukue, msiniachie vyuma vinachomachoma paa." Alisita. "Ila mwanangu, mimi mjane. Paa langu litabaki wazi siku tatu, na wewe sikujui kwenu. Niachie hii yako kama rehani. Na hilo sanduku."

Kilainishi alimkumbuka dada yake na bibi harusi wa kesho. Lakini mbele yake palikuwa na paa zima la paneli, na kila alipojaribu kufikiria saluni, paneli zilimmeremetea machoni. Aliweka mkono kifuani. "Mama, rehani ni haki yako."

Kushusha paneli kulikula mchana wote. Mama Ghorofa alikuwa msaada mkubwa. Aliwaita wapangaji watoke wasogeze nguo kambani, akawatangazia kwenye ngazi kwamba paneli zinakwenda kuboreshwa na wataalamu, na kila mtu akashuhudia zikipita. Alishika mlango wa chini kwa mikono yake mwenyewe. Kilainishi, jasho likimtiririka ndani ya miwani, alimtupia shemeji yake jicho la kusema, unaona?

Pikapu ilipoondoka ilikuwa imekaa chini kama kuku anayetaga.

Mnunuzi wa paneli zilizotumika alikuwa upande wa pili wa mji, nyuma ya viwanda vya matofali. Alikuwa mtu asiyependa maneno. Alitoa mita yake ya kupimia umeme, akagusa paneli ya kwanza, akatazama. Akagusa ya pili. Akavaa miwani yake, ambayo ilikuwa na nguvu, akagusa nyingine kadhaa.

"Mmezitoa wapi maiti hizi?"

"Maiti?"

"Hii ilipigwa radi, ona hapa ilivyoungua kwa nyuma. Hizi maji yaliingia zamani. Hii sijui hata ilikuwa nzima lini. Hakuna inayotoa kitu, bwana. Hizi ni pambo."

"Zote?"

"Zote. Na ukitaka kuziacha hapa, utanilipia mahali pa kuziweka."

Walirudi kwenye gari wakakaa. Kilainishi alimgeukia mwenzake.

"Shemeji. Kule juu, ule waya uliulegeza vipi?"

"Waya upi?"

"Nilipokohoa."

"Aa." Shemeji alijikuna shingo. "Sikuulegeza. Kila nikinyoosha mkono yule mama ananitazama. Nikaona aibu. Nilidhani umeulegeza wewe."

Hapa inafaa tumwache Kilainishi kidogo, kwa heshima. Kuna maumivu ambayo daktari wake hajapatikana, na mojawapo ni ya tapeli anayekumbuka kila sentensi aliyoambiwa siku nzima, moja baada ya nyingine, na sasa anazielewa.

Jioni alikuwa mlangoni kwa Mama Ghorofa, peke yake, maana Shemeji alikataa kushuka garini. Sebuleni feni ilikuwa inavuma. Sanduku la mbao lilikuwa wazi, na betri la dada limewekwa juu ya kitambaa cha kufuma, kama redio ya heshima.

"Mbona mapema?" aliuliza mama. "Maabara imefungwa?"

"Mama, zile paneli ni mbovu. Zote."

"Usinitishe. Ziliondoka hapa nzima. Jengo lote limeziona."

"Hazijatoa umeme kwa miaka."

"Maneno hayo usije ukawaambia wapangaji wangu. Wanalipia jua." Alivuta kiti akakaa, wala hakuwa na hasira. "Sikiliza, mwanangu. Marehemu mume wangu alizinunua kwa kijana mmoja msemaji kama wewe. Alikuwa na viatu vizuri zaidi. Ziliwaka msimu mmoja, mvua ikaja, basi. Tangu hapo natafuta mtu wa kuzishusha. Kila fundi anataka alipwe. Na sasa wapangaji wameanza kuniambia mama, tupande juu tukaone hiyo sola. Nikawa silali. Halafu Mungu akakuleta wewe na miwani yako."

Kilainishi aliivua miwani.

"Nirudishie basi rehani yangu."

"Tulisemaje? Paneli zikirudi, nyeusi, rehani inatoka. Mimi ni mtu wa makubaliano. Niletee paneli zangu zenye macho."

"Tutaonana polisi, mama."

"Twende," alisema Mama Ghorofa, akisimama. "Ngoja nichukue mtandio mzito, jioni kuna upepo. Utaanza kueleza wewe au nianze mimi?"

Kilainishi alikumbuka ghafla kwamba Shemeji anamsubiri.

Asubuhi saluni ilikuwa giza. Bibi harusi alikuwa kwenye kiti, kichwa chake kimeoshwa na kupakwa dawa, kinangoja kikaushio. Mama yake alikuwa amesimama pembeni akitazama mlango. Ndipo wale wanaume wawili, waliolala garini, walipoingia wakiwa wamefuatana kama watoto waliovunja dirisha.

Dada aliwapeleka uani. Alisikiliza yote akiwa na chanuo mkononi, na kila Shemeji alipojaribu kuacha sehemu fulani, chanuo lilimwelekea, akaisema.

"Sawa," alisema walipomaliza. "Umemwambia uongo kuhusu maabara. Umeniambia mimi uongo kuhusu sevisi. Na sanduku ni uongo. Sasa hiyo habari ya vinundu, unywele unapasuliwa mara mamia, jicho la mdudu. Hiyo uliitoa wapi?"

"Hiyo ni kweli, dada."

"Unaona? Hata sasa hivi bado unaendelea."

"Wallahi, dada, nimemsikia mtafiti kwa masikio yangu. Ana koti jeupe, ana kipande cheusi mezani. Mwanga unaingia hautoki."

Dada alimtazama. Kisha akajitazama yeye mwenyewe, lile koti lake jeupe la saluni lililofuliwa jana kwa ajili ya bibi harusi. Akachomoa vibanio mfukoni, akavipanga kifuani vikae kama kalamu. Akaingia ndani, akamfunga bibi harusi taulo kichwani, akamwambia asisogee.

"Baba Watoto, washa gari. Wewe," alimgeukia mdogo wake, "hutakiwi kuongea neno lolote leo."

Kilainishi aliachwa kwenye kona ya ngazi, na kutoka pale alisikia kila kitu.

"Nani?" iliuliza sauti ya Mama Ghorofa.

"Maabara."

Mlango ulifunguka polepole.

"Tumearifiwa kuna kifaa chetu cha majaribio kimeachwa hapa na watu wasiohusika. Paneli yenye ngozi nyeusi, na betri." Sauti ya dada ilikuwa kavu na yenye haraka, kama ya mtu mwenye nyumba nyingine nyingi za kupitia. "Ndiyo hii. Mama, umekaa nayo chumba kimoja?"

"Imeendesha feni tu."

"Usiku kucha?"

"Kulikuwa na joto."

Viatu vya dada vilirudi nyuma hatua mbili.

"Kichwa hakikuwashi?"

"Kichwa?" Mama Ghorofa alifikiri. "Sasa ulivyosema. Hapa nyuma kidogo."

"Naomba nione. Vua mtandio."

Kilainishi alichungulia. Dada yake alikuwa ametoa chanuo lenye mkia mrefu, akitenganisha nywele za Mama Ghorofa mstari kwa mstari, kwa umakini mkubwa, na Shemeji amesimama nyuma kama msaidizi wa serikali.

"Mm," alisema dada.

"Mm nini, mwanangu?"

"Imeanza, lakini umewahi. Mafuta mepesi asubuhi na jioni. Usipake rangi mwezi mzima, na mtandio usiukaze hivi. Baba, beba hivi vifaa. Polepole, usiviinamie." Akafunga koti lake. "Mama, nitahitaji pia kupanda juu nikague paa. Waite wapangaji wako wawili watatu waje washuhudie, ndiyo utaratibu."

"Paa la nini tena?" alisema Mama Ghorofa kwa haraka. "Paa lipo tupu. Chukueni kifaa chenu, mwanangu, msichelewe kazini. Na hayo usiyaandike."

"Sitaandika," alisema dada, na kwa hilo alikuwa mkweli, maana hakuwa na kalamu.

Mama Ghorofa akawashikia mlango wa chini mpaka betri likapita.

Pikapu ilikata kona ya stendi. Dada alikuwa katikati, akirudisha vibanio mfukoni kimoja kimoja. Kilainishi alikuwa amebanwa mlangoni, anamtazama kwa pembe ya jicho kama mtu aliyeishi miaka yote na simba akidhani ni paka.

"Dada, naruhusiwa kuongea?"

"Kidogo."

"Nani alikufundisha kudanganya namna ile? Hata mate hukumeza."

"Kunifundisha?" Dada alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Unafikiri mtu akikaa kwenye kiti changu, akajiangalia kwenye kioo, akaniuliza kama rangi ile imemkaa, mimi huwa namjibu nini?"

Gari lilisimama mbele ya saluni. Bibi harusi alikuwa dirishani na taulo lake.

"Chukua ngazi," alisema dada, akishuka. "Panda ukabandue hiyo stika, paneli ipate jua. Na ukifika juu, usimweleze mtu yeyote chochote."